Zamu ya Nyanjura

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu ni ile ambayo rafiki yangu Nyanjura alipewa chaki mbele ya kijiji kizima, akasimama nayo, akakosa la kuandika. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka pale. Nilikuwa ndiye mwalimu wake. Sababu niliijua, na badala ya kuisema nilisema neno lingine, neno ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya, nakaa chini.

Mwanangu, najua wewe ni mtoto wa mtoto wangu, ila mimi nakuita mwanangu tu na umeshazoea. Juzi ulikaa hapa kwangu Bweri, kwenye mkeka huu, unanisimulia kwa furaha kwamba umepata kazi mjini, na mtoto atashinda Nyakato kwa rafiki yako yule fundi cherehani. Ukasema, "Bibi, hataki chochote, tumeelewana kirafiki tu." Mimi nikasema sawa, ukapanda bodaboda ukaenda. Tangu hapo sina raha. Sikukuita leo ili nikuzuie, kazi ifanye. Lakini kabla Jumatatu haijafika, kaa usikie habari hii mpaka mwisho. Na hiyo simu iweke mbali, maana nikiongea na mtu huku anabonyezabonyeza mimi huwa nanyamaza.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa sisi tulihamishwa kutoka kwenye makazi yetu ya zamani, tukawekwa kando ya barabara iendayo Bunda. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Jirani hukumchagua; ulionyeshwa vigingi vinne ardhini ukaambiwa hapa ndipo pako, jenga. Kule tulikotoka mtoto hakuwaga na shida ya mtu wa kumshika. Palikuwa na bibi yake, na shangazi, na binti wa kaka mtu. Kuhamishwa kukatutawanya. Mama mkwe wangu akaenda kuishi na mwanawe mkubwa upande wa Butiama, mume wangu akawa kutwa yuko na ng'ombe, na mimi nikabaki na watoto wawili: Wambura wa miaka minne, na Wakuru, ambaye alikuwa ananyonya bado.

Vigingi vya pili kutoka kwangu vilikuwa vya Nyanjura. Yeye alikuwa mtu wa ziwani, kwao Suguti, kaolewa huku kwetu kwenye pamba na ng'ombe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mafuru, umri wake karibu na wa Wambura. Mwanamke mwenye kifua kipana, anacheka kwa sauti mpaka kuku wanakimbia. Siku ya kwanza kunikaribisha samaki aliniangalia ninavyotoa miiba, akasema, "Nyie watu wa ng'ombe, samaki mnamla kama mnamwogopa." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Urafiki wetu ulianzia hapo, wala sikuwahi kupata mwingine kama ule.

Kazi ya shamba la kijiji ilikuwa ya lazima. Kila nyumba itoe mtu, mwenye mtoto mchanga na asiye naye. Tukakubaliana mimi na Nyanjura: Jumatatu yeye aende shambani nibaki na watoto wote, Jumatano niende mimi abaki yeye. Hatukuandikiana, hatukumwita mtu ashuhudie. Tulisema tu pale kisimani, ndoo ziko chini, tukacheka, basi. Na kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri sana. Sikuona kwamba yeye ana mmoja na mimi nina wawili. Wala yeye hakusema.

Halafu ndipo kikaja kisomo. Wewe hukujua mambo hayo. Serikali ilitaka kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, wazee kwa vijana, na mimi nilikuwa nimefika darasa la nne kwa wamisheni. Mwenyekiti wa kijiji akaja nyumbani na watu wawili, akasema, "Mama Wambura, wewe utafundisha." Nikahisi nimerefuka. Binti niliyeolewa jana tu, leo wazee wenye mvi wanasimama nikipita na kuniita Mwalimu. Usinicheke. Hata wewe ulivyokuwa unanisimulia habari za hiyo kazi yako ulikuwa umerefuka, nilikuona.

Darasa letu lilikuwa ndani ya godauni la pamba, maana msimu ulikuwa umekwisha na godauni liko tupu. Watu walikalia magunia. Ubao tuliuegemeza kwenye mizani. Siku ya kwanza nilikwenda na watoto wangu wote wawili, nikijua nitaweza. Nilipoandika herufi ya kwanza Wakuru akaanza kulia. Nikaandika ya pili, Wambura akapanda kwenye mizani, watu wakaacha kuangalia ubao wakaanza kubahatisha uzito wake. Nikatoka jasho.

Nyanjura alikuwa amekaa mbele kabisa. Alikuwa amenunua daftari lake, amelifunga kwenye upindo wa kanga lisichafuke. Akasimama, akamfunga Wakuru mgongoni, akamshusha Wambura kwenye mizani, akamshika mkono. Akasema, "Fundisha, Mwalimu. Hawa nakwenda nao." Watu wakampigia makofi. Alikuwa amesoma herufi mbili.

Jioni nilipita kwake kuchukua watoto, nikamwambia, "Wewe usiwe na wasiwasi. Wewe nitakufundisha hapahapa nyumbani, peke yako, utawapita wote." Nilimaanisha, mwanangu. Na kweli jioni mbili tatu tulikaa jikoni kwake tukaandika kwa mkaa kwenye ukuta. Nikamfundisha kuandika jina lake. Alilipenda. Akiwa anasonga ugali, anaacha, anarudi ukutani, analiandika tena chini ya lile la kwanza. Lakini mimi nilikuwa natoka godauni nimechoka, na nina kupika, na mume anarudi na njaa. Nikawa nachukua watoto mlangoni nikiwa nimesimama tu. Siku moja akaniuliza, "Mama Wambura, hivi zile herufi tulifikia wapi?" Nikamjibu, "Leo nimechoka, shoga yangu. Kesho." Akasema, "Haya, kesho." Baada ya hapo hakuuliza.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana hilo la uchovu mtu anaweza kulisamehe. Kisomo kilikuwa cha lazima. Mtu asiyeonekana darasani mgambo wanamfuata nyumbani, anapewa adhabu ya kung'oa visiki. Na mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari la mahudhurio. Sasa nifanyeje na Nyanjura? Nikisema hayupo, watamwadhibu. Nikisema hayupo kwa sababu yuko na watoto wangu, wataniuliza mwalimu gani huyu anayemtoa mwanafunzi darasani. Nikamwekea alama ya yupo. Siku ya kwanza nikaweka, ya pili nikaweka, mwisho mkono ukazoea, nafika kwenye jina lake naweka alama bila hata kuinua kichwa. Waliouliza darasani niliwaambia namfundisha nyumbani. Na nilijiona mwema. Nilijisemea, ananitunzia watoto, na mimi namkinga na mgambo. Nikaona tumelingana.

Siku za kisomo zikaongezeka. Zikaja semina za walimu, tunakwenda Butiama kwa miguu tunakaa wiki nzima. Watoto wanabaki kwa Nyanjura wiki nzima. Na zile Jumatatu zangu za kumshikia Mafuru, nikawa mara niko semina, mara nasahihisha madaftari, mara nimeitwa na mwenyekiti. Baadaye sana nikasikia kwamba alikuwa anakwenda shambani na Mafuru mkononi na Wakuru mgongoni, analima hivyohivyo. Mimi nilikuwa narudi nawakuta watoto wangu wamenawiri, wameoga, wamepakwa mafuta, nasema asante rafiki yangu, nakwenda zangu. Wakuru alipoanza kusema, alimwita Nyanjura Mama. Mimi aliniita Mwalimu, kama alivyosikia watu wananiita. Kijiji kizima kilicheka, hata mimi nilicheka, lakini iliniuma. Nilidhani ni mimi niliyekuwa napoteza kitu.

Basi wakaja wageni wa wilaya, bwana mmoja na mama mmoja wa maendeleo. Tukaitwa wote godauni. Wakasema serikali inataka kila kijiji kiwe na kituo cha watoto wadogo, ili akina mama waende shambani bila kuhangaika, na kijiji kichague mwanamke mmoja aende Musoma kusomea kazi hiyo, akirudi ndiye atakayekuwa mkuu wa kituo. Kabla yule mama hajamaliza kusema, watu wakaanza kulitaja jina la Nyanjura. Huku Nyanjura, kule Nyanjura. Hata wanaume. Nani asiyejua kwamba ukitaka mtoto anyamaze umpelekee yeye?

Nilimwangalia. Alikuwa nyuma, amesimama, kwa sababu Wakuru alikuwa amelala mgongoni mwake na akikaa ataamka. Alijifunika mdomo kwa kanga. Macho yake sijawahi kuyaona vile, si kabla wala baada. Alikuwa mtu aliyeambiwa kwamba kile anachokijua yeye kumbe ni kazi, na kina shule yake, na kuna watu wamesafiri kutoka mbali kuja kumtafuta yeye.

Yule mama wa maendeleo akasema sharti ni moja tu: awe anajua kusoma na kuandika, maana ataandika majina ya watoto na kusoma maelezo ya dawa. Akaomba daftari langu la mahudhurio. Akapekua, akatabasamu. "Huyu hajakosa hata siku moja. Mnaona wenzenu? Njoo, ndugu."

Nyanjura akaja mbele. Akaniangalia mara moja tu, akageukia ubao. Yule mama akampa chaki, akamwambia, "Andika: Watoto wetu wanakunywa uji."

Akaandika jina lake. Taratibu, herufi moja moja, vizuri kuliko nilivyomfundisha. Kisha akasimama, chaki iko hewani.

Yule mama akadhani hakusikia, akarudia. Mtu mmoja nyuma akacheka, na mwingine. Bwana mgeni akanigeukia. "Mwalimu, mwaka mzima amehudhuria. Imekuwaje?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi yangu, mwanangu. Sentensi moja tu ingetosha. Huyu hakuwa darasani, alikuwa na watoto wangu, na huyo mnayemwona mgongoni mwake ni wangu. Mpeni miezi mitatu. Lakini daftari lilikuwa mkononi mwake, na alama zote zile ni mkono wangu, na mimi nilikuwa Mwalimu. Nikasema, "Wengine vichwa vyao ni vizito."

Nilisema hivyo. Mtoto wangu amelala mgongoni mwake nami nasema hivyo.

Nyanjura akalifuta jina lake kwa kiganja, akaiweka chaki juu ya mizani, akatoka. Alitembea polepole, ili Wakuru asiamke. Wakachagua mke wa karani wa pamba, ambaye hajawahi kumfuta mtoto wa mtu hata kamasi.

Jioni ile nilimkuta Wakuru amelazwa kitandani kwangu, Wambura amekaa pembeni yake, wote wameshakula. Nyanjura hakuwepo. Asubuhi Wakuru akaamka, akafanya kama kila siku, akavuka kwenda kwa Nyanjura na vile vimiguu vyake, akasimama mlangoni anagonga kwa kiganja. "Mama. Mama." Mlango haukufunguliwa. Akaendelea kugonga. Mimi niko nje na ufagio, nashindwa kwenda kumchukua na nashindwa kuangalia. Mwisho mlango ukafunguliwa. Nyanjura akamwinua, akamfuta machozi kwa kanga, akamleta mpaka kwangu, akamweka chini.

"Mama Wambura, mtoto wako huyu."

Kila siku alikuwaga anasema mtoto wetu. Akageuka akaenda zake. Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

Nikawabeba watoto wangu, nikaenda Butiama kwa mama mkwe. Nilikwenda nikitaka anipoze, nakuambia ukweli. Nilimkuta anapepeta mtama, nikampa shikamoo, nikapiga magoti, nikamweleza. Nilimweleza kwa namna yangu, unajua mtu anavyojieleza: kwamba nilikuwa na kazi nyingi, kwamba alama nilimwekea kwa nia njema, kwamba wageni walinishtukiza. Yeye anapepeta tu. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Siku ulizompa watoto ni nyingi?"

"Nyingi, Mama."

"Na siku ulizompa yeye?"

Nikataka kuzitaja. Nikaanza na zile jioni za mkaa ukutani, nikafika ya tatu, nikakwama.

"Wewe si mtu mbaya," akasema. Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kubembeleza, kwa hiyo nilijua kuna jambo linakuja. "Wewe umezoea kwetu, ambako mtoto anashikwa na bibi yake, na bibi haulizwi. Mimi nikimshika mjukuu wangu, ni wangu, mji ni wetu, akikua ataninywesha maji. Sasa umemchukua mtu wa watu, umemfanya bibi wa watoto wako, na hana hata mvi. Rafiki si bibi, mwanangu. Rafiki naye ana siku zake, na wewe umezila zote. Halafu ukamsema ni mjinga."

Nililia. Akaniacha nilie. Kisha akafunga kanga yake, akasema twende.

Kwetu mtu aliyekosea haendi kuomba msamaha peke yake. Anatangulizwa na mtu mzima. Mama mkwe alitangulia mpaka mlangoni kwa Nyanjura, miguu inamuuma, akaingia, akakaa naye muda mrefu mimi niko nje na watoto. Nilipoitwa nikaingia nikapiga magoti. Nikamwambia Nyanjura nimekosa. Akasema, "Nimesikia." Mama mkwe akasema, "Bado. Huyu ulimwaibisha mbele za watu. Hapa jikoni panatosha kwa samaki, hapatoshi kwa jambo hili."

Basi siku ya kisomo nikasimama mbele ya magunia yote yale, mwenyekiti yuko, mgambo wako, nikasema. Nikasema alama za Nyanjura niliziweka mimi na hakuwepo tena tangu siku ile ya kwanza, kwa sababu alikuwa na watoto wangu. Nikasema kichwa chake hakina uzito wowote, aliyempa kichwa kizito ni mimi. Mzee mmoja akasema, "Ala, kumbe." Hakuna aliyepiga makofi, wala sikustahili.

Ualimu nikanyang'anywa siku hiyohiyo. Wakaleta kijana wa shule ya msingi ashike darasa. Nikang'oa visiki wiki mbili, adhabu ileile niliyokuwa najidai namkinga nayo Nyanjura. Mwenyekiti, alikuwa mtu muungwana, akaandika barua wilayani kuwaomba wamrudishe Nyanjura kwenye ile nafasi. Jibu likaja kwamba nafasi imeshajazwa, mwenzake ameshaanza masomo Musoma.

Nyanjura akaingia kisomo. Mafuru nilimshika mimi, kila siku, na sikutaka zamu. Mwanzoni alikuwa anamleta mwenyewe, ananipa mkononi, anasema atatoka saa kumi na moja, na saa kumi na moja kamili amefika. Alijua kusoma kabla ya mwaka kwisha. Kijana wa shule alishangaa, akasema huyu mama angekuwa mwalimu. Mimi nilikuwa nimekaa nje ya godauni na watoto watatu, nikasikia.

Kituo cha watoto kikafunguliwa. Mke wa karani akawa mkuu wake, na Nyanjura wakamchukua awe wa kupika uji. Miaka yote ile alipika uji. Watoto walimkimbilia yeye jikoni, na mkuu wa kituo alikuwa anatoka nje kuwarudisha darasani. Wakuru alikuwa mmoja wao.

Tuliendelea kusalimiana. Tulipeana moto, tulipeana chumvi, nilipomzaa baba yako Nyanjura alikuja akanipikia. Mtu wa nje asingejua. Lakini hakukaa tena kwangu bila shughuli, na hakuwahi tena kunitania kuhusu samaki.

Siku walipokuwa wanahama kurudi Suguti, mume wake amechoka na pamba, nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Tulikuwa wawili tu. Nikamwuliza, "Mama Mafuru, bado una kinyongo na mimi?"

Hakuwa mtu wa kupaka mafuta maneno.

"Sina," akasema. "Watoto wako niliwapenda, na ningewashika tena. Lile neno ulilosema godauni nilishakusamehe. Kuna kitu kimoja tu. Kila ulipokuja kuchukua watoto nilikuwa nangoja uniulize, na wewe, Nyanjura, leo ulitaka kufanya nini? Ungeniuliza ningekuambia. Mwaka mzima nilikuwa nangoja."

Akaniambia nishike kamba upande ule tukaze mzigo. Tukakaza.

Sasa mwanangu, sikia ninachokuambia, maana ndicho nilichokuitia.

Jumatatu usimpeleke mtoto. Jumapili baada ya kanisa nenda Nyakato peke yako, mikono haina mtoto, ukae chini na rafiki yako, umwulize ana mipango gani mwaka huu. Mwulize kabisa. Yule anashona, na mtoto anayetambaa na cherehani havikai chumba kimoja, mkasi uko chini, pini ziko chini, kwa hiyo kuna nguo hazitashonwa. Mjue wote wawili ni zipi. Akikuambia hakuna shida, usishike hilo neno ukakimbia nalo. Nyanjura naye alisema fundisha, Mwalimu, na alisema kwa moyo wake wote, na hakuwa anadanganya. Mtu anatoa siku moja, wewe unachukua mwaka. Kwa hiyo mwambie ni mpaka lini. Mwambie ni siku zipi na saa ngapi, na saa hiyo ikifika uwe umefika, hata kama mkubwa wako kazini amekununia. Na kama una kitu ulichomwahidi, kidogo namna gani, kifanye hicho kwanza kabla hujala chakula cha jioni.

Na umwulize tena mwezi wa pili, na wa tatu. Usiulize umesimama mlangoni na mtoto ameshafika mgongoni. Kaa.

Ukiona huwezi kumrudishia siku zake, tafuta msichana umlipe, hata kama nusu ya mshahara inaishia hapo. Utalalamika, najua. Lakini yule utajua umempa nini, na yeye anajua amepata nini. Rafiki ukimtumia bila kuhesabu utadhani hakuna anayetoa kitu, kumbe anatoa yeye kwa ajili yenu wawili. Na siku watu watakapokusifu kazini, waambie kuna mtu amemshika mtoto wako. Mtaje jina. Mbele za watu. Hilo mimi lilinishinda, lisikushinde wewe.

Basi, inuka twende nikusindikize mpaka barabarani. Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, mwanangu. Ambariki huyo mtoto awe na nyumba mbili za kuingia bila kubisha hodi, na milango yote miwili ifunguliwe kwa furaha. Na rafiki yako wa Nyakato, ambaye sijamwona, Mungu ampe mwaka wake mzima, autumie mwenyewe.